Majina Manane Ubaoni

Ieleweke kwanza kwamba sikuwa na nia mbaya. Sentensi hiyo nimeiandika mara kumi na moja katika daftari la makosa la shule yetu ya bweni, na kila mara mwalimu wa zamu aliisoma, akatikisa kichwa, akanipa jembe nikalime. Hapa naiandika mara ya kumi na mbili, bila mwalimu wa zamu na bila jembe, na ndiyo mara ya kwanza inaniuma.

Naitwa Njambi Thuo. Niko kidato cha tatu. Kipaji nilichojaliwa ni kuandika barua za wakubwa. Sahihi ya mtu siigi, hilo ni kosa la jinai na mimi nina heshima zangu. Ninachoiga ni sauti. Naweza kuandika kama mwalimu mkuu, kama mkuu wa wilaya, kama askofu anayeomba mchango wa paa. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2009 nilibandika tangazo kwenye mlango wa bwalo la shule, kwamba kutokana na ugeni wa wizara kila mwanafunzi afike na sahani mbili, moja ya wali na moja ya kuwekea mifupa ya kuku. Wasichana mia sita walipanga foleni wakiwa na sahani mbili mbili. Wakapewa githeri, mahindi na maharagwe ya kila siku. Kwa siku tatu nilikuwa mtu mashuhuri, na kwa wiki mbili nilikuwa nyumbani.

Nasema haya ili msomaji ajue nilivyokuwa nikifikiri. Nilidhani tangazo la uongo huisha kwa kicheko na githeri.

Mama yangu anaitwa Waiyego. Anafua katika hospitali moja ya serikali hapa Eldoret, ambayo nitaiita Hospitali tu, kwa kuwa nimeshaharibu majina ya kutosha. Amefua hapo miaka kumi na minne. Baba alienda Nyahururu baada ya vita vya uchaguzi ili atutafutie mahali pa kuishi, akapata mahali, akapata na sababu za kutorudi. Kwa hiyo kodi ya nyumba, karo yangu na ile sabuni ninayoibiwa bwenini kila wiki vyote vinatoka kwenye mashuka ya wagonjwa.

Agosti nilifunga shule nikakuta nyumbani kuna vita vingine, vya karatasi. Wakubwa wa Hospitali walikuwa wameamua kwamba wafuaji, wapishi na wafagiaji, watu sitini na wanne, wasiwe tena watumishi wa umma. Kazi yao ingepewa kampuni kutoka Nairobi iliyoitwa Mng'aro. Kampuni ingewachukua kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, bila pensheni, bila likizo ya kujifungua, na ukiugua ukiwa unafua mashuka ya wagonjwa, hiyo ni shauri yako. Kila mtu alipewa fomu ya kukubali kuhamishwa. Kama zaidi ya nusu wangesaini kufikia Ijumaa saa kumi jioni, mambo yangekuwa yamekwisha. Kama wangekataa, chama cha wafanyakazi kingeenda Jumatatu kwa afisa wa leba kikamwambie kwamba hawa watu waliulizwa na hawakukubali.

Basi chama kilikuwa na neno moja tu: mtu asisaini. Katibu wa tawi, Mzee Walubengo, alilisema akiwa amesimama juu ya kreti ya soda. Mama yangu, ambaye alikuwa mwakilishi wa chama kwa upande wa wafuaji, alilisema kila mahali, jikoni, kwenye kamba za nguo, mpaka kwa foleni ya choo.

Halikuwa jambo dogo. Mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo baadhi ya watu hao walikuwa wamechomewa nyumba, na wengine walikuwa wamesimama wakitazama, na wote walirudi kazini wakavaa aproni zile zile. Sasa, pale kwa wafuaji shuka haikunjwi na mtu mmoja. Ni ndefu, inataka wawili, huyu anashika pembe zake na yule zake, wanasogeleana, wanaachana, wanasogeleana tena. Msimamizi aliwapanga wawili wawili bila kuuliza nani anatoka wapi. Mama alipangwa na mama mmoja wa kutoka Moiben. Walikunja miezi mitatu bila salamu. Halafu siku moja yule mama akasema, "Wewe unavuta sana upande wako," na mama akamjibu, "Wewe ndio hauvuti," na tangu siku hiyo wakaongea mpaka msimamizi akajuta.

Kila Jumatatu yule mama alituletea maziwa kutoka kwake. Nikiwa nimefunga shule alinipa mursik, maziwa ya mgando, kwenye kikombe kikubwa na kuniuliza kama bado nafukuzwa. Nilimwita Mama Moiben.

Wiki ile ya fomu nyumba yetu ilikuwa nzito kama blanketi iliyolowa. Mama hakuongea, hakucheka, alikula akitazama ukuta. Mimi, kwa hekima yangu yote, niliona kinachokosekana ni kicheko. Mpango ulikuwa hivi: mama angekuta tangazo kazini, angelibandua kwa hasira, angelileta nyumbani akilipiga piga, na mimi ningesimama kando ya jiko na kumhutubia kama Mheshimiwa Mtumishi Uliyebakishwa. Angenitupia mwiko. Kisha angecheka. Nilikuwa nimekikosa kicheko chake.

Jumanne nilichukua barua ya zamani ya Hospitali kutoka kwa mkoba wake nikaenda nayo mjini kwa saiba ya Idris, duka lake la kompyuta na kopi. Idris ana miaka ishirini na miwili, baba yake anauza vitambaa duka la chini, na yeye ananiita Dada wa Matatizo. Nilifunika maandishi ya barua kwa karatasi nyeupe, kikabaki kichwa cha ofisi peke yake, nikakitoa kopi. Kisha nikakaa kwa kompyuta nikaandika:

"Kufuatia mashauriano ya kina, Ofisi inapenda kuwajulisha kwamba wafuatao watabaki katika utumishi wa umma kwa masharti yao ya sasa. Waliotajwa hapa wanashauriwa wasisaini fomu. Wengine wote wanatakiwa kujipanga na mwajiri mpya mapema, kwani nafasi ni chache."

Hilo la "kwani nafasi ni chache" lilinifurahisha hivi kwamba nilijinunulia andazi.

Ikabaki orodha. Tangazo la ofisi linataka majina mawili mawili, haliwezi kusema "yule wa boila" au "Mama Moiben". Nikaweka Waiyego Thuo wa kwanza, nikaendelea na wale ambao majina yao mawili yalinijia kichwani bila kutafuta. Yalikuja manane. Nane ilionekana idadi nzuri, ya kiofisi.

Idris alilichukua kutoka kwa mashine akalisoma.

"Hii ni ya nini?"

"Drama. Tuna mashindano ya shule."

"Na mama yako yuko kwa drama?"

"Ndiye shujaa wa mchezo."

Alinitazama kidogo, akaniambia nilipe.

Jumatano asubuhi nilificha chakula cha mama nyuma ya debe la maji, ili saa sita nipate sababu ya kumpelekea. Ubao wa matangazo uko ukutani pale nje ya mlango wa wafuaji. Wote walikuwa ndani, mashine zinanguruma. Nilibandua pini mbili kutoka kwa tangazo la kuchangia damu, nikabandika langu, nikampa mama chakula chake, nikaenda nyumbani nikiimba.

Jioni mama alirudi na nusu kilo ya nyama.

Naomba hapa msomaji aende polepole, kwa sababu mimi nilienda haraka. Nyama, kwetu, katikati ya mwezi, haiko. Mama aliiweka mezani, akavua viatu, akaanza kukata vitunguu akiimba wimbo wa kanisa kwa pua.

"Leo kuna nini?" nikauliza.

"Kwani mtu hawezi kula nyama?"

"Anaweza. Lakini huwa hali."

"Wewe maneno mengi. Koroga hiyo." Akakata kidogo, akasema bila kuinua kichwa, "Hivyo viatu vyako vya shule nimeona vinacheka. Mwezi ujao tutaangalia."

"Kazini kulikuwaje?"

"Kazi ni kazi."

Nilingoja. Nilikuwa na hotuba yangu tayari. Ningengoja tu ataje tangazo. Alipakua, akaniwekea vipande vikubwa, akasimulia habari za jirani, akaosha sufuria. Hakulitaja. Polepole nikaelewa kwamba aliliona, alisoma jina lake likiwa la kwanza, na aliamini. Tena hakuamini tu, alifurahi. Mwakilishi wa chama, aliyetembea wiki nzima akisema tushikane, alienda kununua nyama kwa sababu yeye ameokoka. Na mimi ndiye nilikuwa najua nyama ile imenunuliwa kwa kitu gani.

Ningesema usiku ule, yangeharibika kidogo tu. Nilikula vipande sita.

Alhamisi alirudi mapema, saa nane mchana, akakaa kitandani bila kuvua viatu.

"Wamesaini," akasema.

"Akina nani?"

"Watu. Asubuhi nimepata foleni kwa mlango wa ofisi." Alikuwa anaongea na ukuta. "Jana kuna tangazo liliwekwa. La watu watakaobaki. Nikasema acha niende kwa ofisi niulize kama ni la kweli. Saa mbili niko hapo. Yule afisa akaniambia, mama, hii barua hatuijui. Nikarudi nikawaambia. Nani atanisikia? Ouma wa boila akaniambia mbele ya watu, 'Mama Njambi, jina lako liko juu kabisa, na wewe ndiye unatuambia tusisaini. Tusisaini ndio tukose huku na tukose huko?' Nikamwambia silijui hilo tangazo. Akasema, 'Jana mchana ulilijua.' Na mwingine kule nyuma akasema, hawa watu hupanga. Hawa watu." Akavua kiatu kimoja. "Nilikuwa nimesahau hilo neno linavyosikika."

"Mama Moiben alisema nini?"

"Hakusema. Leo amekunja na Chepkorir, mwenzake wa kwao."

"Alisaini?"

"Alisaini."

Mtu mwenye ushujaa angesema hapo hapo. Mimi nilisema naenda dukani kununua chumvi.

Nilienda mbio hadi kwa Idris nikamwomba afute ile faili. Akauliza kwa nini. Nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, kwa sababu kulikuwa na mzee nyuma yangu anatuma maombi ya pasipoti. Idris hakunikemea. Alifungua faili, akageuza kioo cha kompyuta kuelekea kwangu.

"Soma majina. Kwa sauti."

Nikasoma. Waiyego, Wanjohi, mwingine na mwingine. Nilipofika la tano sauti yangu ikapungua yenyewe. Majina yote manane yalikuwa ya jamii moja, yetu.

"Mimi sikutaka hivyo," nikasema. "Sikufikiria kabila. Naapa."

"Najua haukufikiria. Ndio ubaya wake." Akaondoa mkono kwa kipanya. "Hapa Eldoret majina yakifuatana hivyo, Njambi, hakuna mtu atauliza kama ni drama."

Alikuwa na haki ya kusema, na mimi nilikuwa na haki ndogo kuliko wote ya kusahau. Mwisho wa 2007, kabla ya uchaguzi, mtu mmoja alipita ploti yetu na daftari, mlango kwa mlango, akiuliza nani analala chumba kipi. Mwenye nyumba alisema ni mambo ya bili ya maji. Siku chache za kwanza za Januari milango iliyochomwa ilikuwa ile yenye majina kama yetu daftarini, na mingine iliachwa. Tulikaa miezi mitano katika hema pale uwanja wa maonyesho. Kila asubuhi watu wa msaada walisoma majina kwa kipaza sauti ili tupokee unga, jina la kwanza na la pili, na mtu akiitwa anajibu. Safu yetu ya mahema ilikuwa na watu saba wengine wa Hospitali. Miezi mitano niliyasikia yakisomwa. Ndiyo sababu yalinijia bila kutafuta. Na wale wengine hamsini na sita, ambao niliwaona kila likizo, ambao walinituma, walinitania, walinipa chai, sikujua jina hata moja kamili.

Nilikuwa nimefanya orodha yangu muda mrefu kabla ya kufika kwa saiba. Kompyuta iliichapisha tu.

"Basi futa," nikamwambia Idris.

"Sifuti. Kesho saa sita nafunga duka nusu saa. Twende nayo."

"Watanipiga."

"Pengine," akasema Idris, na akamgeukia mzee wa pasipoti.

Ijumaa saa sita wafanyakazi walikutana nyuma ya jengo la kufulia, kwenye kamba za nguo. Kutoka mbali niliona wamesimama mafungu mafungu, kila fungu likiwa limeyapa mengine mgongo. Mama alikuwa peke yake kando ya bomba. Mzee Walubengo yuko juu ya kreti yake anasema, "Makomredi, makomredi, tusikilizane," na hakuna komredi aliyesikiliza.

Nilipita katikati. Nilikuwa sijamwambia mama. Nilitaka kumwambia asubuhi, nikamwona anafunga kitambaa kichwani, anakifungua, anakifunga tena, nikaahirisha. Kwa hiyo aliyasikia pamoja na wengine.

"Tangazo niliandika mimi," nikasema. "Ulikuwa utani. Hakuna mtu wa ofisi wala wa chama anayelijua. Mama hakujua."

Mafungu yakageuka.

"Wamemleta mtoto sasa," akasema Ouma wa boila. Ni mtu mrefu mwenye masizi kwenye kola, na kwa kawaida ndiye anayechekesha wote. "Mama Njambi, kweli? Unamtuma mtoto akubebee lawama?"

"Sijamtuma," mama akasema. Hakunitazama.

Idris akainua karatasi aliyoichapisha, yenye saa na tarehe ya faili. "Aliandika kwangu. Jumanne, saa tano."

"Na wewe ni wa saiba. Ukilipwa unachapisha hata tarehe ya kesho."

Watu wakacheka, kicheko kile cha kukauka. Hapo ndipo nilipojua kitu ambacho shule haikunifundisha: mtu anayeishi kwa uongo wa kuchekesha, siku akileta ukweli, hana mahali pa kuuweka.

Mzee Walubengo alishuka kwenye kreti. "Kama ni yeye aliandika," akasema taratibu, kama hakimu, "basi aandike nyingine hapa. Tusikie."

Ouma akanipa fomu ya mwenzake ambaye hakuwa amesaini, upande wa nyuma, na kalamu. "Andika ya sabuni."

Niliandika nikiwa nimeinama, karatasi juu ya kreti, watu sitini wakinitazama kisogo. Nikasoma: "Kufuatia mashauriano ya kina, Ofisi imebaini kwamba povu katika idara ya kufulia limezidi kiwango kilichoidhinishwa. Wafanyakazi wote wanatakiwa kupunguza povu mapema, kwani nafasi za povu ni chache."

Kule nyuma mtu mmoja alianza kucheka, kisha akaacha. Ilikuwa sauti ile ile. Kila mmoja aliitambua. Shuleni ningepigiwa makofi. Pale walinitazama jinsi watu wanavyomtazama mbwa aliyeingia kanisani, na nilitamani mtu yeyote anitupie kitu ili nipate sababu ya kukimbia.

Ndipo Mama Moiben akatoka kwenye fungu lake. Ni mfupi, mabega mapana, na hutembea kama mtu aliyebeba ndoo hata kama hana ndoo.

"Mimi nina swali moja," akasema. "Umesema ulikuwa unacheza. Sawa. Uliweka mama yako. Uliweka Wanjohi wa jikoni, na Wanjohi hata hakupendi. Mimi mbona haukuniweka?"

Nilikuwa na majibu matatu ya uongo, mazuri yote.

"Sikujua jina lako," nikasema.

Alifikiri hilo.

"Mwaka mzima na zaidi," akasema. "Maziwa ulijua ni ya nani?"

Hakungoja jibu. Alirudi alikokuwa amesimama. Hakuna aliyenipiga. Idris alisema lazima akafungue duka, akaenda.

Ilikuwa karibu saa saba. Watu thelathini na sita walikuwa wamesaini, na fomu zao zilikuwa ofisini. Mzee Walubengo, ambaye watu humcheka kwa kubeba sheria za kazi kwenye mfuko wa nailoni, alitoa mfuko huo na kusema fomu iliyoingia haitolewi, lakini mtu anaweza kuondoa sahihi yake kwa barua, kila mtu barua yake, jina lake kamili na sababu yake, ikifika ofisini kabla ya saa kumi.

"Nani ataandika barua thelathini na sita kwa saa tatu?" akauliza mtu.

Mzee Walubengo alifunga mfuko wake. Alinitazama tu, na wengine wote wakageuka.

Nilikalia beseni lililopinduliwa, mbele ya meza ya kupiga pasi. Walikuja mmoja mmoja. Kila mmoja nilimwuliza, "Naomba majina yako yote mawili," na kila mmoja alinijibu akinitazama usoni. Kisha niliandika sababu, ambayo katibu alikuwa ameitunga yeye mwenyewe ili nisiweke madoido: "Nilisaini kwa sababu niliona orodha ya uongo iliyoandikwa na Njambi Thuo." Nilisoma barua nzima kwa sauti, wakasaini, akaja mwingine. Ouma alitaka iongezwe "na mimi si mjinga." Niliongeza. Chepkorir aliniuliza kama Njambi ni kwa herufi kubwa, kisha akasema afadhali ndogo. Nilipofika barua ya ishirini jina langu lilikuwa limegeuka kuwa kitu kigeni mkononi, kama jina la ugonjwa.

Ishirini na tisa walikuja. Saba hawakuja, na kila mmoja wao alikuwa na haki yake. Mzee Walubengo alizifikisha ofisini saa kumi kasoro dakika nane, zikagongwa muhuri. Jumatatu afisa wa leba alisema waliokubali hawafiki nusu, kwa hiyo hakuna makubaliano. Sasa ni Oktoba na kampuni ya Mng'aro haijaingia, ingawa wakubwa wameandika barua nyingine, ya kweli safari hii, na Mzee Walubengo anaijibu. Mama si mwakilishi tena. Hakuondolewa, aliacha mwenyewe wiki iliyofuata. Watu wanaoniuliza kwa nini nawaambia amechoka.

Lakini nimeruka barua moja, na nimeiruka makusudi.

Ilikuwa ya mwisho. Saa tisa na nusu ilikuwa imepita, chumba kimebaki na watu wanne: mimi, Mzee Walubengo, mama aliyekuwa anapanga foronya kwenye rafu ya mlangoni kwa kuwa kazi haikuwa imesimama, na mbele yangu Mama Moiben.

"Naomba majina yako yote mawili," nikasema, macho kwenye karatasi.

"Rael Jeruto." Akangoja niandike. "Mawili tu. Si magumu."

Niliandika, na mkono wangu, ambao ulikuwa umezoea, ukaanza wenyewe ile sentensi ya sababu.

"Ngoja. Unaandika nini hapo?"

"Ile ya orodha."

"Mimi sikusaini kwa sababu ya orodha. Orodha ni karatasi, hata mbuzi anakula." Hakuinua sauti. "Niliiona saa nane, Jumatano. Nikasema sawa, naingia ndani, Waiyego ataniambia. Atasema Jeruto, umeona haya mambo? Hata kama ni kweli ameponea, aniambie tu. Tumefanya kazi pamoja mpaka saa kumi na moja, uso kwa uso. Hakuniambia kitu. Akanisalimia, akaenda. Asubuhi ndio nikasaini. Andika hiyo."

"Mama Jeruto," akasema Mzee Walubengo, "hiyo si lazima. Afisa wa leba anataka tu kujua..."

"Hao wengine wameulizwa sababu. Na mimi niulizwe."

Nilimtazama mama. Mkono wake ulikuwa juu ya foronya, haukusonga. Nilijua jambo ambalo Jeruto hakulijua, na mama alijua kwamba nalijua, kwa sababu nyama ile tulikuwa tumeila pamoja. Kama ningeandika sentensi ya katibu, lawama yote ingebaki kwangu, mahali ambapo ilikuwa imeshakaa vizuri. Kusema kweli ningeipenda. Nilikuwa nimezoea.

Nikaikata ile sentensi niliyokuwa nimeanza. Nikaandika, na nikasoma kama nilivyosomea wengine: "Mimi, Rael Jeruto, mfuaji, naondoa sahihi yangu. Nilisaini kwa sababu mwenzangu wa kazi aliona jina lake ubaoni, akakaa kimya."

Mashine moja ilikuwa bado inazunguka ukutani. Mama alikuja mpaka mezani.

"Ni kweli," akasema. "Niliona, Jeruto. Nikafurahi."

"Najua. Uso wako haujui kuficha."

"Nilikuwa nikuambie."

"Lini?"

Jeruto aliichukua kalamu, akasaini polepole, herufi moja moja, akaifunika kalamu kwa kifuniko chake. Mzee Walubengo alikohoa, akauliza kama afisa wa leba ataielewa barua ya namna hiyo. Nikaiweka juu ya zile nyingine nikamkabidhi, na akaondoka nazo haraka, kwa sababu muda ulikuwa unakwisha.